Mbinu za Kumsimamisha Maylis

Ijumaa, tarehe 19 Julai

Habari kubwa! Nimeipata kwa Régine, karani wa ofisi ya meya, na mwenyewe hajui kwamba kanipa. Nilikwenda kulalamika, kama kila Ijumaa. Juu ya meza yake kulikuwa na karatasi. Kusoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini ni kipaji changu tangu utotoni. Imeandikwa kwamba mkaguzi wa njia ya baiskeli atapita Alhamisi ijayo, saa tano asubuhi, akiangalia vibao, madaraja na lami. Jina la mkaguzi: Maylis Lacassagne, mhandisi.

Binti yangu.

Nikashika ukingo wa meza. Régine akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni joto.

Atapita hapa hapa, mbele ya mlango wangu. Hana pengine pa kupita. Nyumba yangu ni namba 31, nyumba ya walinzi wa kivuko cha reli. Mama yangu ndiye aliyezungusha mpini kufunga vizuizi, treni kumi na mbili kwa siku, na mimi nikazaliwa kati ya treni ya saa moja na ya saa mbili. Kisha treni zikafa, reli zikang'olewa. Miaka sita iliyopita wakaja kumwaga lami juu ya tuta la baba na mama, ili watu wenye kaptura za kubana watembee nchi nzima bila kusumbuliwa na magari. Nikapinga. Nilipinga kwa barua, kwa mikutano, kwa orodha ya saini (tulifika saini sita). Na aliyeichora njia hiyo, kilomita hamsini na nane, miaka mitatu ya kazi, alikuwa Maylis.

Siku ya uzinduzi nilikuja na tela la mbolea ya bata. Nikaimwaga pale pale penye utepe. Alikuwa amevaa gauni jeupe. Hakupiga kelele. Alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Baba, siku utakayoniomba radhi, nitakuja."

Tangu hapo nimejaribu kila kitu isipokuwa hicho.

Huguette, mke wangu, alipokufa, miaka mitatu sasa, Maylis alisimama upande wa pili wa kaburi. Alinibusu shavu la kulia na la kushoto, kama anavyobusiwa meya, akapanda gari akaondoka. Nilirudi nyumbani nikala mkate na jibini peke yangu, nguo za msiba mwilini.

Basi nimeamua. Alhamisi lazima asimame. Asimame mwenyewe, kwa hiari yake, bila mimi kumwomba. Akishasimama ataingia, akishaingia atakula, na akishakula mengine yatajipanga yenyewe. Kinachotakiwa ni mbinu tu, na mbinu ninazo.

Jumamosi, tarehe 20 Julai

Kikwazo kina jina: Ghislaine Dutrey.

Anakaa kwenye stesheni ya zamani, mita mia nne kutoka kwangu. Njia imenyooka, kwa hiyo namwona na yeye ananiona, maisha yetu yote. Halmashauri imempa benchi, bomba la maji na kibao cha bluu chenye picha ya benchi. Naye, kwa kujipendekeza, ameongeza maji ya limau na keki za plamu. Matokeo yake? Wanaotoka upande wake wanapita kwangu wameshiba. Wanaotoka upande wangu wanapita mbio ili wakashibe kwake. Miaka sita hakuna hata mmoja aliyesimama kwangu, ila Mjerumani mmoja aliyetaka kujisaidia nyuma ya maharage yangu.

Maylis akija atakagua bomba la Ghislaine, atakaa kwenye benchi la Ghislaine, atakula keki ya Ghislaine. Kwangu hakuna cha kukagua. Mpaka leo!

Nilikwenda kukipima kile kibao kwa macho. Nilitembea pembeni, kwenye upupu, kama kawaida. Lami ile sijawahi kuikanyaga na sitaikanyaga. Mguu unawasha mpaka gotini lakini msimamo ni msimamo. Kibao kimeshikwa na skrubu nne. Ghislaine akaniuliza nachungulia nini. Nikamwambia natazama hali ya hewa. Akasema hali ya hewa iko juu, si kwenye nguzo.

Jumapili, tarehe 21 Julai

Alfajiri, wakati Ghislaine anajiandaa kwenda misa, nimekihamisha. Kimesimama mlangoni kwangu, kimenyooka vizuri kuliko kilivyokuwa kwake. Nilitaka kukijaribu tu kabla ya Alhamisi.

Saa tatu wakaja Wabelgiji. Kumi na wanne, wastaafu wote, wamevaa njano kama vifaranga. Waliona picha ya benchi, wakatafuta benchi, hawakuliona, wakakaa juu ya saladi zangu. Wakauliza choo kiko wapi. Wote kumi na wanne! Wakauliza kama kahawa ipo. Nikajikuta napika kahawa. Sufuria tatu! Mmoja akanipongeza kwa huduma nzuri.

Kulikuwa na mama mmoja mpole, mwenye kofia ya majani. Alipoingia kunawa akaiona picha ya Maylis ukutani, ya siku ya komunyo ya kwanza, meno mawili hayapo. Akauliza ni nani. Nikamjibu ni binti yangu, ndiye aliyeijenga hii njia mnayopita. Akasema lazima najivunia sana. Nikasema ndiyo, sana. Sijui neno hilo lilitokea wapi. Nilikaa jikoni kidogo mpaka likapita.

Walipoondoka walinipungia mikono wote. Saladi hazifai tena.

Jumatatu, tarehe 22 Julai

Bastide, fundi wa halmashauri, kaja na spana saa mbili asubuhi. Hakuuliza swali hata moja. Kafungua skrubu nne, kabeba kibao begani, karudisha stesheni huku anapiga mluzi. Kijiji kizima kinajua. Mwoka mikate kaniuliza kama nimefungua hoteli.

Ghislaine naye kaja, mikono kiunoni. Nikajiandaa kwa vita. Badala yake akasema kama nilitaka wageni ningetoa kiti nje tu. Kisha akasema anajua habari ya Alhamisi, kwa kuwa Régine anasema kila kitu kwa kila mtu. Akaniuliza kwa nini simwandikii yule msichana mistari miwili; kama simu siwezi, basi barua. Nikamwambia ashughulike na keki zake. Tulisoma darasa moja, mimi na yeye, na tangu wakati huo anadhani anaweza kunisahihisha.

Mistari miwili! Rahisi kwa mtu ambaye si yeye anayeiandika.

Nimepata mbinu nyingine, bora zaidi. Mtu hasimami kwa ajili ya kibao. Mtu anasimama kwa pancha. Na nani anakaa pale pale, na gundi, viraka, pampu na beseni la maji? Baba yake. Nani alimfundisha kuziba pancha akiwa na miaka saba? Baba yake huyo huyo. Atakaa kwenye ngazi kama zamani, atanishikia beseni, tutatafuta mapovu pamoja. Kazi ya mikono haihitaji maneno.

Uzio wangu wa mshita, ule wa miiba, unahitaji kupunguzwa tangu masika.

Jumanne, tarehe 23 Julai

Nimeupunguza uzio. Matawi, ole wangu, yameangukia njiani, na miiba yenyewe ina urefu wa kidole. Nilifanya hayo nikiwa nimesimama kwangu, nikitumia reki ndefu, bila kukanyaga lami. Lengo ni majaribio kabla ya siku yenyewe.

Majaribio yamefaulu kupita kiasi. Kabla ya saa sita: pancha tisa. Wenzi wawili wa Kiholanzi, matairi yote manne. Kasisi. Kasisi alisema neno ambalo sikujua kwamba wanafundishwa. Kisha muuguzi anayenichoma sindano ya goti kila Jumanne, ambaye siku hizi anakuja kwa baiskeli kwa ajili ya afya yake. Aliichoma sindano leo kwa namna ambayo sitaisahau upesi.

Niliziba zote tisa. Mgongo umekufa. Gundi imebaki robo. Lakini mkono umezoea sana sasa: dakika kumi na mbili kwa pancha moja. Nitakapoziba ya Maylis nitaichelewesha kwa makusudi, hata saa nzima.

Hewa haisogei. Redioni wanasema kesho na keshokutwa litakuwa joto la kuua, wazee wakae ndani. Wazee gani?

Jumatano, tarehe 24 Julai

Siku mbaya. Naiandika upesi.

Asubuhi Ghislaine alikuwa anatoka kuchuma plamu, kikapu mbele ya baiskeli. Tairi la mbele likatoboka kwenye mteremko kidogo kabla ya uzio wangu. Hakusimama. Alianguka. Plamu zikatapakaa njia nzima na yeye katikati yake, ameshika mkono. Nilikimbia. Nilifika pembeni ya lami nikasita. Nasema kweli, nilisita, kwa ajili ya ule msimamo wangu wa kipumbavu, naye chini pale ananitazama. Kisha akainuka mwenyewe.

Mkono haukuvunjika, umeteguka tu. Nilimfunga kitambaa. Nikaanza kuokota plamu za kandoni. Yeye akachukua mwiba mmoja, akautazama, akautazama uzio, akanitazama mimi. Akaelewa yote. Nilitegemea matusi, nayo yangenisaidia. Lakini alisema taratibu tu, "Fulbert, Maylis anakuja na mtoto. Atamweka kwenye kiti cha nyuma."

Sikujua. Régine kamwambia Ghislaine, karatasi haikuandika hilo. Mtoto ninajua yupo. Anaitwa Capucine, ana miaka mitatu, Huguette aliacha amemfumia soksi kabla hajazaliwa na hakuwahi kumwona. Mimi pia sijawahi. Atakuwa nyuma, kwenye kiti, na mama yake anashuka ule mteremko kwa kasi, na chini kuna miiba yangu.

Nilichukua ndoo ya kuwekea miiba.

Tangu saa nane mpaka giza nimekuwa juu ya lami. Ndiyo, juu yake. Nimepiga magoti, nimeokota mwiba mmoja mmoja kwa vidole, mita mia mbili kwenda, mita mia mbili kurudi. Lami bado ilikuwa na moto unaopenya suruali. Ni lami nzuri, lazima niseme. Haina hata ufa. Imemwagwa kwa uangalifu, na kingo zake zimenyooka. Sikuwahi kuitazama kwa karibu.

Alhamisi, tarehe 25 Julai

Saa sita na nusu mchana. Niliamka alfajiri nikaipitia tena njia yote kwa magoti, halafu kwa ufagio. Hakuna mwiba. Mbinu pia hakuna tena, na nashangaa sina wasiwasi. Atasimama. Mtu ana mtoto, kuna joto, nyumba iko pale pale. Atasimama.

Nimepika bata aliyehifadhiwa kwenye mafuta yake, viazi, nyanya. Tikiti liko kisimani kwenye ndoo. Nimevaa shati alilolipenda Huguette. Nilisimama getini tangu saa tatu. Saa tano imepita, saa sita imepita. Ukiwa na mtoto, safari huchelewa, hilo linajulikana.

Tatizo ni joto. Kuta zenyewe zinapumua moto. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukaa kwenye tanuri. Kwa hiyo nimefunga madirisha ya mbao ya nje, yale ya kuzuia jua, yote manane. Kila nyumba hapa hufunga mchana wa Julai, ila watu huacha ufa wa kidole, na ukiuona ufa huo unajua wenyewe wapo, unaita. Mimi leo sikuacha hata ufa. Nimebana kabisa, nimepiga komeo. Na imefaa! Ndani kumekuwa baridi kama kwenye pishi la mvinyo. Atafurahi huyo mtoto.

Nimeleta kiti hapa nyuma ya mlango, ili nisikie kengele ya baiskeli. Nitafumba macho dakika tano tu.

Saa kumi na mbili jioni. Nililala.

Ghislaine ndiye aliyeniamsha, saa kumi na nusu, kwa kugonga na mkono wake mzima. Nikaruka, nikafungua, nikasema karibuni. Alikuwa peke yake.

Ameniambia hivi. Saa nane aliwaona kutoka kwenye benchi lake. Baiskeli ilisimama getini kwangu. Maylis akailaza kwenye nyasi, akamshusha mtoto, wakasimama wameshikana mikono. Ghislaine akasema moyoni, hatimaye. Akaingia ndani ili asiwe anachungulia. Yeye, anayechungulia maisha yake yote, siku hii moja akaona haya!

Robo saa baadaye wakafika kwake. Maylis hakulia. Alikagua bomba, akaandika kwenye daftari lake kwamba bomba ni zima. Ghislaine akamuuliza kama ameniona. Akasema madirisha yamebanwa. Ghislaine akamwambia ni joto tu. Maylis akajibu, "Joto liko kwa kila mtu, Bi Ghislaine, na kila mtu ameacha ufa. Alinifanyia hivi hivi Krismasi ile."

Sijaiandika Krismasi ile popote. Niiandike sasa. Miezi sita baada ya mbolea, alikuja. Sikuwa nimeomba radhi na alikuja vilevile, amebeba keki. Nilimwona akitokea. Nilibana madirisha yote nikakaa ndani, nikimwangalia kwenye tundu la ubao. Huguette alikuwa ananishika mkono akinisihi nifungue. Maylis alisimama mpaka theluji ikamjaa mabegani. Nilitaka agonge. Angegonga ningefungua. Lakini mimi mwenyewe nilimlea kwamba nyumba iliyobanwa haigongwi.

Leo hakugonga pia.

Ghislaine alimpa mtoto keki. Akamuuliza pale waliposimama ni kwa nani. Mtoto akasema ni kwa mzee mmoja.

Mzee mmoja. Ndivyo alivyoambiwa.

Kabla ya kuondoka Ghislaine akaniambia la mwisho. Wanalala Mézerac, kwenye nyumba ya wageni karibu na daraja. Kesho saa nne wanapanda treni kurudi kwao. Atanikopesha baiskeli yake. Akasema, "Ni kilomita kumi na moja, Fulbert. Tambarare, na hakuna gari hata moja. Ufike, useme neno moja, basi."

Nilimwambia nitakwenda. Nilimwambia hivyo na nilikuwa nalia, kwa hiyo ni kweli. Nyama ya bata nimempa paka wa jirani. Tikiti nimeshindwa kulitazama.

Ijumaa, tarehe 26 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi baiskeli ilikuwa getini. Pancha imezibwa, matairi yamejazwa upepo, kiti kimeshushwa kwa kipimo changu. Ghislaine ameifanya kazi hiyo kwa mkono mmoja.

Nilinyoa ndevu. Nilisimama mbele ya kioo nikajaribu lile neno. Lilitoka nusu, nikakohoa. Nikajaribu tena. Mara ya tatu lilitoka zima, lakini uso ulikuwa wa mtu anayeng'olewa jino. Nikafikiri: nikifika pale nimeloa jasho, mbele ya wageni wanaokunywa kahawa, si atasema nimekuja mbio? Si itaonekana nimeshindwa? Na mtoto atamwona babu yake kwa mara ya kwanza anahema kama mbwa. Hapana. Mambo mazito yanataka kutulia.

Nikakaa kitandani kutafakari kosa lilikuwa wapi. Nikaliona! Ni jambo rahisi mno, ajabu sikuliona jana. Kosa ni madirisha. Kama nyumba isingekuwa na madirisha ya mbao, yasingebanwa. Yasingebanwa, angeniona. Angeniona, angesimama.

Nikachukua bisibisi na nyundo.

Ni kazi ngumu. Bawaba ni za enzi za baba, zimeshikwa na kutu na rangi ya miaka themanini. Dirisha la kwanza lilinichukua saa nzima na ukucha mmoja. La pili lilikuwa afadhali. Kengele ya kanisa ilipolia saa nne nilikuwa juu ya ngazi, kwenye la tatu. Nilihesabu milio yote minne. Kisha nikaendelea, kwa sababu ukiacha dirisha linaning'inia kwenye bawaba moja linaweza kumwangukia mtu.

Saa saba nimemaliza. Yote manane chini, yamepangwa ukutani vizuri, na nimeshaanza kuyapasua kuwa kuni, nisije nikabadili mawazo. Jua linaingia mpaka uvunguni. Siagi imeyeyuka mezani. Ndani huwezi kukaa, lakini kutoka njiani unaona kila kitu: meza, viti vitatu, mtu. Ukaguzi ni wa kila mwaka, Régine kathibitisha. Mwaka ujao, Julai, hata akitaka kupita hataweza. Sijawahi kuwa na mbinu nzuri kama hii.

Ghislaine kaja kuchukua baiskeli yake. Aliutazama ukuta, akatazama saa yake. Hakunigombeza. Aliuliza tu yule mtoto mwaka ujao atakuwa na miaka mingapi.

Minne, nikamwambia. Umri mzuri huo, ndipo wanapoanza kukumbuka watu.